Mafuta ya Kondoo na Mkono Uliochelewa

Vijana wangu, kikaratasi mlichoniachia Jumapili baada ya ibada nimekisoma mara tatu. Mlisema nikikague Kiswahili tu, kisha mkakichapishe muwagawie kina mama pale stendi na kwenye soko la Kitengela. Kiswahili chake hakina neno. Kinachonisumbua ni kichwa: "Punguza mafuta, uepuke saratani ya matiti." Maneno hayo, karibu vilevile, niliyabeba mimi kwenye gari la kliniki kutoka hapa hadi ng'ambo ya Mashuuru miaka ya tisini, kabla wengi wenu hamjazaliwa, na ninajua yalifika wapi.

Kwa hivyo badala ya kuwarudishia karatasi nawarudishia hadithi. Mtanisamehe nikiruka huku na huku. Nimechoka, watoto wangu. Magoti yana kesi yao, hayo niachieni mimi, lakini uchovu ninaousema ni wa mtu aliyefundisha jambo kwa sauti kubwa, kisha akatumia miaka iliyobaki ya kazi kulifundisha upya kwa sauti ndogo.

Nilikuwa muuguzi. Dispensari yetu ilikuwa vyumba vinne vya mawe na tangi la maji lililokuwa likivuja upande mmoja. Kitengela yenyewe ilikuwa mji wa kupitia tu, maduka machache kando ya lami, na nyuma yake nyika tupu yenye swala na ng'ombe. Mkiniambia leo kwamba mnaishi mtaa wa "phase" ya ngapi sijui, mimi najua pale palikuwa njia ya nyumbu.

Aliyenifundisha kazi aliitwa Sista Ngina, mwanamke wa Machakos kama mimi, mfupi, mwenye mikono mipana. Wiki yangu ya kwanza ilikuwa Julai, na nyinyi mnaijua baridi ya Julai ya hapa. Nilimwekea mama mmoja mjamzito mikono tumboni na yule mama akaruka akaketi. Sista Ngina alinitoa chumbani, akanipa kikombe cha chai ya moto, akasema, "Usikunywe. Shika tu." Nilikishika mpaka vidole vikalainika. Kisha akaniambia, "Mkono baridi hauoni kitu. Na mgonjwa akishtuka amefunga mlango, utabisha mpaka jioni." Kwa miaka yote niliyokuwa naye sikumwona akianza na maswali. Alisalimu, akapasha mikono, akashika mahali panapouma, ndipo akauliza. Nilimwona wa kizamani. Mimi nilikuwa nimetoka chuoni na fomu zilianza na maswali.

Sasa semina. Nilichaguliwa kwenda siku tatu katika hoteli moja Nairobi, mambo ya lishe na maradhi. Mwalimu alikuwa kijana mwenye tai, msomi kweli, wala simkejeli. Alituonyesha kwamba katika nchi ambako watu wanakula mafuta mengi, saratani ya matiti inaonekana nyingi, na ambako wanakula machache, inaonekana chache. Alisema huenda mafuta yanahusika. Neno "huenda" alilitamka vizuri kabisa. Sisi ndio tuliolipoteza njiani. Saa saba tukaitwa kwenye kuku wa kukaanga na chipsi, tukala mpaka beji zetu zikang'aa mafuta, na mwalimu alijiwekea mapaja mawili. Siku ya mwisho kila mmoja alipewa chati ya kuning'iniza: mwanamke mnene amesimama kando ya karai linalochemka, na titi lake moja limetiwa doa jekundu.

Sista Ngina aliitazama ile chati kwa muda. "Hii itawafanya waogope karai," alisema. "Na matiti je, nani atawaonyesha kushika?" Alikuwa amebakisha miezi michache astaafu. Nilimwitikia kwa heshima, nikaikunja chati nikaiweka kwenye gari.

Mara moja kwa mwezi tulikuwa na kliniki ya kuzunguka. Kituo cha mwisho kilikuwa kanisa la mabati ng'ambo ya Mashuuru, ambako wanawake walikuja kupimisha watoto uzito na kuchanjiwa. Kimaasai changu kilikuwa "takwenya" ya kuwasalimu, nao wakaitikia "iko," halafu basi, hapo ndipo barabara ilipoishia. Mkalimani wangu alikuwa mama mmoja kijana, Nasieku. Alikuwa amesoma hadi darasa la saba, na alikuja na daftari lililofunikwa kwa gazeti. Kila nilichosema alikitafsiri, kisha akakiandika. Hakuna aliyeniamini kama yeye, na bado naona vigumu kuliandika hilo.

Siku ya chati wanawake walicheka. Mama mkwe wa Nasieku, ambaye sote tulimwita Koko kwa maana ya nyanya, aliinua mkono.

"Muulize sista," alimwambia Nasieku, "hii mafuta ikitoka kwa mdomo inapita wapi ndio ifike kwa titi?"

Nilionyesha chati.

"Mimi nimezaa saba," Koko akasema, safari hii kwa Kiswahili, akinitazama mimi. "Nimekunywa mafuta mara saba. Na titi ndio hizi." Akafungua shuka. Kanisa zima likaangua kicheko, hata dereva wetu aliyekuwa nje akachungulia akajuta.

Mimi sikucheka. Nilisema, "Mwambie Koko hiyo ni bahati yake tu." Nasieku hakucheka pia. Aliandika.

Lazima niwaeleze mafuta aliyoyasema Koko, kwa sababu nyinyi wa Kitengela mnajua yale ya kopo tu. Mama wa Kimaasai akijifungua huchinjiwa kondoo. Mafuta ya yule kondoo huyeyushwa polepole, yakawekwa kwenye kibuyu, na mzazi hunywa kidogo kidogo ili arudishe nguvu na maziwa yashuke. Wao huyaita eilata. Mama mkwe ndiye huyatayarisha kwa mikono yake, na hapo ndipo anapomwambia mke wa mwanawe bila kusema kwamba sasa wewe ni wetu. Hilo halikuwa kwenye chati.

Nasieku alijifungua mtoto wake wa tatu na akayakataa. Nilizijua habari hizo kutoka kwake mwenyewe, kliniki iliyofuata. Alikuwa amekonda lakini uso unang'aa.

"Sista, nimekataa kabisa. Koko amekaa nje ya nyumba na kibuyu asubuhi yote. Sasa haniongeleshi."

"Hongera," nilimwambia. Kisha nikawageukia wanawake waliokuwa kwenye foleni na kuwaambia wampigie makofi. Walipiga machache, ya adabu. Koko alikuwa amekaa kwenye benchi la nyuma na hakupiga.

Nawauliza nyinyi mnaosoma vitabu vipya: mama aliyetoka kuzaa, anayenyonyesha, anayekula ugali na chai katika nchi kavu, mafuta yale yangemdhuru nini? Nimejiuliza hivyo nikiosha vyombo, nikiwa kanisani. Aliyehitaji kuambiwa apunguze mafuta pengine nilikuwa mimi, na mapaja ya kuku ya hotelini.

Nakuja pale ninapopaogopa.

Mtoto wake alikuwa na miezi saba. Foleni ilikuwa ndefu, tulikuwa tumechelewa kwa sababu ya pancha, na chanjo zilikuwa zinapata joto kwenye boksi. Nasieku alitafsiri asubuhi yote, na zamu yake ilipofika aliinama karibu nami.

"Sista, hapa chini ya titi niko na kitu kama harage. Haiumi."

Nilikuwa ninaandika kwenye kadi. Nikamuuliza, "Bado unakula bila mafuta?"

"Tangu ile siku sijaonja."

"Basi usiwe na wasiwasi. Ni maziwa yameganda. Kanda na maji ya moto, mnyonyeshe mtoto upande huo zaidi."

Sikumshika. Sehemu moja ya kanisa ilikuwa na pazia, maji ya kunawa yalikuwepo, mikono yangu siku hiyo ilikuwa na joto. Nilikuwa na swali la chati na jibu la chati, nikayatumia yote mawili, kisha nikaita mtu mwingine. Na aliniambia haiumi. Maziwa yakiganda kwa kawaida huuma. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza angelijua hilo.

Baada ya hapo ikaja mvua ya El Nino. Mnaisikia ikitajwa, sisi tuliiona ikila barabara. Gari halikuvuka kwenda Mashuuru kwa miezi kadhaa. Kwa muda mrefu sana nilipokuwa nikiisimulia hadithi hii nilianzia kwenye mvua, kwa sababu mvua haina wa kuitetea. Siku hizi naianzia kwenye harage.

Tuliporudi, Koko ndiye aliyekuja mbele, na nyuma yake Nasieku amejifunga kanga mbili kifuani. Nilimpeleka nyuma ya pazia. Ngozi ya titi ilikuwa imevutwa ndani na kufanya vishimo kama ganda la chungwa, na kwapani kulikuwa na vinundu. Hapo sasa nilishika. Uvimbe ulikuwa mgumu, umekaa mahali pamoja kama jiwe lililozama ardhini, haukuenda popote kidole kilipousukuma.

Nasieku alinitazama usoni. "Lakini sista," alisema, "mimi niliacha mafuta."

Hakusema kwa kulaumu. Alikuwa ananikumbusha tu, kama mtu aliyelipa nauli na sasa anaambiwa hana tiketi. Nimewahi kutukanwa kazini, nimewahi kutupiwa sahani ya dawa. Hakuna kilichonikata kama maneno yale.

Koko alikuwa amesimama kando ya pazia. Aliniambia kwamba wakati wa mvua yeye ndiye aliyekuwa akimkanda Nasieku kwa maji ya moto kama nilivyoagiza, kwa kuwa hatimaye walikuwa wamepatana. Siku ya pili tu ya kukanda, mkono wake ulikataa.

"Nimekamua ng'ombe tangu nikiwa mtoto," alisema. "Maziwa ikishikana kwa kiwele, ukisukuma inatembea. Hii haikutembea. Nikamwambia hii si maziwa, twende hata kwa miguu. Akaniambia sista amesema ni maziwa. Akaniambia yeye hakuli mafuta, hawezi pata hiyo ugonjwa."

Nilimwandikia Nasieku barua ya rufaa na nikaenda naye mwenyewe hadi hospitali kubwa Nairobi. Titi liliondolewa. Dawa alipewa. Daktari aliniita pembeni akaniambia kwa upole kwamba ugonjwa ulikuwa umeshaingia kwenye mifupa, akaniuliza kama mgonjwa hakuwa na kliniki karibu. Nikamwambia alikuwa nayo, nikamwambia na mhudumu nilikuwa mimi. Akaniwekea mkono begani, nami nilitamani angenigombeza.

Wiki zake za mwisho alikuwa nyumbani, na nilipopata nafasi nilipanda gari lolote lililokuwa likienda upande ule. Alikuwa hali chakula. Kila kitu kilimrudi. Siku moja nikamkuta Koko amechinja kondoo bila kumuuliza mtu. Ndani ya nyumba kulikuwa na moshi na ile harufu nzito ya mafuta yanayoyeyuka, na kibuyu kilikuwa pembeni kikingoja.

Nasieku alikuwa amelala ubavu. Aliniangalia mimi, si Koko.

"Sista, naweza?"

Sijui kama mnaelewa. Mifupa inahesabika, anakaribia kufa, na bado anaomba ruhusa kwa chati yangu. Koko alimimina kwenye kikombe, akakipita kitanda, akanipa mimi.

"Kunywa wewe kwanza. Akikuona atakunywa."

Nikanywa. Mimi na chati yangu, mimi na makofi yangu. Yana ladha ya nyama na moshi, na yakishuka yanapasha kifua chote. Nasieku alinitazama mpaka nikameza, kisha akafungua kinywa, na Koko akamnywesha kidogo kidogo kama anavyonyweshwa mzazi. Hayakumrudi. Alilala mchana ule usingizi mzuri, Koko akiwa amemshika nyayo. Tulimzika kabla ya mwezi kwisha, na daftari lake nikapewa mimi. Ninalo. Kwenye ukurasa wa siku ya chati ameandika kwa mwandiko mzuri: "Mafuta ndiyo huleta." Lile "huenda" halimo, kwa sababu sikumpa.

Sasa mafuta yenyewe, maana mtaniuliza. Ninavyoelewa mimi baada ya kusikiliza wasomi wakipokezana kwa miaka mingi, hawajakubaliana kwamba mafuta ya kwenye sahani peke yake ndiyo huleta saratani ya matiti. Wanasimama imara zaidi kwenye mambo mengine: umri, ukoo, pombe, na unene uliozidi hasa hedhi ikishakoma. Kunyonyesha kunasaidia kidogo. Na Kitengela ya leo si ile ya Nasieku. Nimeona vibanda vya chipsi vikizaliwa hapa mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili, mafuta yaleyale yakichemshwa Jumatatu hadi Jumamosi mpaka yakawa kama oili ya trekta, na na kina mama wanaoketi kazini siku nzima wakila hayo jioni. Waambieni wapunguze, kwa moyo, kwa sukari, kwa magoti kama haya yangu. Ni ushauri mzuri. Lakini msiuuze kama kinga. Mtu akishaamini amejikinga, huacha kujitazama, na anayeamini zaidi ndiye huchelewa zaidi.

Baada ya mazishi niliichoma ile chati kwenye shimo la takataka la dispensari. Mwezi uliofuata nilisimama kwenye kanisa la mabati bila picha wala mkalimani, maana hakuna aliyetaka kuishika nafasi ile. Nikawauliza kwa Kiswahili changu cha polepole, "Mnajuaje kiwele cha ng'ombe kina shida?"

Wakatazamana. Swali la kitoto. "Mkono," mmoja akasema. "Unakamua kila siku, mkono unajua ile ya jana."

Hilo ndilo somo langu lote tangu siku hiyo hadi nilipostaafu. Wanawake wale walikuwa na mikono iliyosoma kuliko yangu, nami nilikuwa nimewaletea karai. Nilichoongeza ni kidogo. Lala chali, mkono wa upande ule chini ya kichwa. Tumia mito ya vidole vitatu vya katikati, si ncha, ncha inachoma tu. Paka sabuni kidogo ili ngozi iteleze. Zunguka polepole kutoka mtulinga, ule mfupa wa chini ya shingo, hadi chini ya titi, kisha usisahau kwapa. Fanya siku chache baada ya hedhi, kabla titi halijavimba. Kinachotembea na kuuma mara nyingi si kibaya, kisichotembea na kisichouma usikilalie. Na hata hicho kinachouma, njoo kishikwe, kwa sababu "mara nyingi" si "mara zote." Na wewe mhudumu, pasha mikono.

Watu walikuja? Wachache, na polepole. Imani iliyovunjika haiungwi kwa wiki moja. Koko hakuja kabisa. Nilimwona kwa mbali sokoni Mashuuru siku za minada, ananiitikia salamu na kupita. Sikumfuata. Ningemwambia nini?

Ile miaka ya ukame mkali, mifugo ikifa kila upande, watu wengi walisogea karibu na Kitengela kutafuta majani. Asubuhi moja foleni ya dispensari ilikuwa imefika hadi kwenye tangi. Nikainua macho kutoka kwenye kadi nikamwona Koko ameketi kwenye benchi, amezeeka, kando yake msichana mjamzito. Alikuwa mke wa mwanawe mdogo. Kulikuwa na muuguzi mwingine chumba cha pili ambako foleni ilikuwa fupi. Nilimwona Koko akielekezwa huko na akikataa kwa kichwa.

Zamu yao ilipofika waliingia. Nilisalimu, "Takwenya." Koko akaitikia, "Iko." Nikauliza msichana ana shida gani.

"Hana shida," Koko akasema.

Nikashika kalamu ili nimwandikie kadi ya kliniki ya wajawazito. Koko akanyoosha mkono, akaichukua ile kalamu kutoka kwenye vidole vyangu, akaiweka mezani. Kisha akanishika kiganja, akakifunga ndani ya vyake viwili, akakisugua mpaka kikapata joto, akakipeleka kifuani kwa msichana.

"Leo anza hapa," alisema.

Nje watu walikuwa wakilalamika kwamba sista wa leo anakawia. Nilizunguka polepole, kutoka mtulinga hadi kwapani, upande mmoja na wa pili, na Koko amesimama akiangalia vidole vyangu kama mtu anayeangalia mgeni akikamua ng'ombe wake. Foleni ilingoja.